Sufuria Iliyotobolewa

Msusi yule alikuwa hodari jamani. Vichwa vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake. Ila nyumbani alikoolewa, mabinti wawili wa mumewe walimwita anti, kama wateja walivyomwita saluni. Mama yao alishafariki, naye hakutaka kumpokonya marehemu nafasi yake. Alitamani tu siku moja aitwe mama. Hamu hiyo ilimnyima raha, na asikudanganye mtu kwamba ni jambo dogo.

Ndipo akaja na wazo la maua. Jumamosi alifunga saluni mapema, akarudi na miche ya kila rangi na kiroba cha udongo wenye mbolea. Akawatuma watoto wasake vyombo vibovu: makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, chochote. Yule mkubwa, mgumu kama kisiki, alianza kwa kununa. Lakini aliposhika udongo alijisahau. Akabishana na mdogo wake mekundu yakae wapi na ya manjano yakae wapi, hata akacheka. Msusi akajikaza asionyeshe furaha, asije akaharibu.

Mkubwa alipokwenda bombani, mdogo, Kibonge wa nyumba, alitoka ndani na sufuria nyeusi ya masizi. Ameitoa mvunguni, akasema, haina kazi. Msusi hakuuliza. Maji yakituama mizizi huoza, kwa hiyo kila chombo sharti kitobolewe. Akaipindua, akashika nyundo na msumari, akaitoboa kitako chote.

Mkubwa akarudi na maji, akaona. Aliweka ndoo chini, akaiinua sufuria, akapitisha kidole kwenye matundu, moja baada ya jingine.

"Ya mama hii," alisema. "Alikuwa anatuchemshia maziwa. Mimi ndiye niliyeificha."

Msusi akaiweka nyundo chini. Akaomba radhi, akaomba tena. Mtoto akaikumbatia sufuria kifuani, masizi yakamjaa gauni.

Jioni baba, fundi umeme, alirudi akakuta watu hawasemeshani. Alipoelezwa, aliguna. Yaani sufuria kuukuu ndiyo ya kununiana? Angenunua nyingine, kubwa zaidi. Msusi akamsihi amwache mtoto, kosa ni lake yeye. Wapi! Bwana yule akishapandisha, hashuki. Akamwamuru binti asimame mbele ya mkewe, aombe msamaha kwa kumnunia mtu mzima, na leo amwite inavyopasa.

Binti alisimama. Hakulia.

"Nisamehe, mama."

Ndilo hilo neno lenyewe. Msusi aliitikia, angefanyaje na baba mtu amesimama pale? Kisha akatoka uani, akajifunika uso kwa mikono iliyonuka mbolea, akalia.

Jumatatu asubuhi, baba alipokwisha kwenda kazini, binti alipita na mkoba wa shule.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba," aliitika msusi, na moyoni alimshukuru.