Lenzi Iliyoigwa

Mpiga picha wa mtaa wetu hapulizi lenzi kwa mdomo; hata ukipiga chafya mlangoni anakutazama kama umemtukania ukoo. Lenzi yake ya zamani, iliyowalainisha sura mashangazi wote wa mtaa, imeliwa na kuvu. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha dukani hii mpya aliyonunua, iliyotengenezwa kwa kuiiga ile. Kila lenzi huijaribu kwa dada yake mkubwa, maana dada huyo kusifu hajui. Alimkalisha dirishani, akawa anazungusha pete ya lenzi taratibu, kama anayetafuta stesheni redioni.

“Piga basi, mgongo unauma!”

“Tulia, dada. Usicheke.”

“Nisicheke vipi, na umekunja uso kama umebanwa na choo?”

Picha ilitokea kwenye kompyuta wazi mno, kila kunyanzi mahali pake. Mpiga picha akaanza kuomba radhi, eti waigaji wamesahau ule ulaini. Dada akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

“Huyu si mimi,” akasema polepole. “Huyu ni mama.”

Marehemu mama yao hakuacha hata picha moja. Mpiga picha alitazama, akavua miwani.

“Hairudi hii,” akasema, akaenda kunawa uso.