Kidole Nilichomwazima Ntumba

Spiriti ya zahanati ina harufu baridi. Hukufikia puani kabla hujaiona sindano. Hata leo ikinipata, kidole changu cha pete hujikunja chenyewe. Nilikuwa na miaka minane, kiangazi, wakati Wabelgiji bado ndio waliotoa amri Kolwezi. Baba alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, tukakaa kambi ya mgodi, nyumba zimepangwa mistari na vumbi jekundu juu ya kila kitu, hata juu ya bukari, ugali wetu, sahanini. Kila mwezi watoto wa kambi walichomwa kidole, tone la damu likapakwa kwenye kioo ili homa itafutwe. Mama asiyeleta watoto wake, mumewe aliitwa ofisini.

Na kambi nzima iliamini batumbula. Kwa asiyewajua, hao walisemekana kukamata wapita njia, kuwalisha sukari mpaka wasahau majina yao, kisha kuwakabidhi kwa Wazungu wanywe damu yao. Hakuna aliyewahi kuwaona. Kila mtu alikuwa na shemeji aliyewahi kuwaona. Wanaume walioshika baruti bila kutetemeka walilikimbia gari lenye taa moja. Upuuzi! Na waliupenda, hilo ndilo watu hawalisemi. Walisimulia huku wakilamba midomo kama wanaokula kuku.

Mdogo wangu Ntumba, niliyempita mwaka mmoja tu, alikuwa na homa siku ya nne, viganja vyeupe kama chaki. Mama alikataa kumpeleka. "Ile damu yake iko kidogo," alisema. "Batumbula bakiiondoa, atabakia na nini?" Lakini kadi yake ya zahanati ilitaka muhuri. Basi akafanya walivyofanya akina mama wengi wa mstari wetu: akatumia mtoto mzima badala ya mgonjwa. Nilichomwa kwa jina langu. Kisha tukazunguka nyuma ya zahanati, akanivika gauni la Ntumba na kitambaa chake kichwani, nikarudi kupanga foleni. Muuguzi alisoma kadi, hakuinua macho.

"Ntumba?"

"Ndiyo, tata," nikaitika, kama nilivyomwitikia baba.

Akanichoma tena. Mama alinipa yai zima la kuchemsha, peke yangu. Nilijiona shujaa.

Juma lililofuata majibu yakaja: damu ya Ntumba ni safi. Mama akapiga vigelegele! Yeye mwenyewe aliyeificha damu ya mwanawe, akaamini majibu ya damu ile. Aliacha hata kumchemshia majani ya dawa. Nikamwambia, "Mamu, ile ilikuwa damu yangu."

"Nyamaza, we. Mulinyonya ziwa moja, damu yenu ni moja."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Uongo. Kifo hakikumuumbua mama. Kilimchukua Ntumba kabla ya mvua ya kwanza. Msibani walisema batumbula wamemnywa kwa mbali, na mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nilificha kidole changu ndani ya ngumi.

Sasa bendera ni nyingine, nami nina binti wa miaka minne, Kapinga. Waliosoma huniambia kwamba batumbula wa kweli walikuwa wenye mgodi, walionyonya jasho la baba zetu. Maneno matamu, hata yana ukweli, hayamfufui mtu. Vijana wa mtaa wa Manika wanajazana sinema kumtazama Mzungu wa meno marefu na joho jeusi, wanapiga kelele, wanatoka wameshikana mikono, na kesho yake wanakimbia sindano. Hofu ni pipi yao. Wailambe.

Juzi jirani yangu Ngalula alikuja mlangoni na mtoto mgongoni, joto la mtoto nililihisi kabla sijamgusa.

"Mama Kapinga, uniazime wako kidogo. Wangu hana damu ya kubapa."

Nilimfungua mtoto mgongoni mwake, nikamfunga mgongoni mwangu, nikachukua kadi yake, nikashika njia ya zahanati. "Mutumbula! Uko mutumbula, we!" alinipigia kelele, watu wakatoka milangoni kutazama. Lakini alinifuata, njia nzima. Muuguzi aliponyoosha mkono kuchukua kadi, niliifunika kwa kiganja.

"Muangalie sura kwanza, tata."

Akaangalia. Ndipo nikakinyoosha kidole cha yule mtoto, chake mwenyewe.