Mmulika Mayai wa Chumba cha Chanjo

Saa mbili asubuhi. Nje jua linawaka, lakini ndani ya chumba hiki ni giza totoro. Mama wa miaka hamsini na mitatu anaweka yai juu ya taa, analizungusha taratibu, anatazama. Mishipa myekundu imetanda, kitu kinacheza.

"Hai," anasema.

Linalofuata limetulia tuli. Analichora msalaba kwa penseli na kulitenga.

Ndani ya mayai haya hukuzwa virusi vilivyodhoofishwa vya kutengenezea chanjo ya homa ya manjano. Kwa miaka ishirini na miwili, mama huyu, ambaye wenzake humwita Bi Mayai, amemulika hadi mayai elfu tatu kwa siku. Macho yake yamechoka.

"Hata nyumbani siachi," anacheka. "Wanangu wananiambia, mama, hilo la kukaanga, si la chanjo!"

Kicheko hakidumu. Mwisho wa mwezi chumba kinafungwa. Jengo jipya ng'ambo ya ua litatengeneza chanjo ya homa hiyo bila yai hata moja. Wataalamu wataandika maelekezo kwenye kompyuta, mashine itayageuza kuwa dawa, na mwili wenyewe utajifunza kujikinga.

Aliitwa kwenye mafunzo. Mwalimu aliposema chanjo mpya "inaandikwa", Bi Mayai alinyoosha mkono akauliza: kwa kalamu gani? Darasa zima likaangua kicheko.

"Sikuwa na mzaha. Sisi yai tunaliandika kwa penseli tu. Wino unapenya ganda, unaua kilichomo. Nikadhani wamesahau."

Swali lile lilikuwa la mtu anayeijua kazi yake, na inauma kwamba hakuna aliyelijibu. Orodha ya watakaohamia jengo jipya ilipobandikwa ukutani, hakuwamo.

Mwezi ujao atakwenda kwenye shamba la kuku kuomba kazi ya kuokota mayai. Hana matumaini ya kuipata. Wameshamwambia wanataka wenye nguvu.

Na hiyo chanjo mpya, namuuliza, anaiombea nini?

"Mdogo wangu wa kike alikufa kwa homa hiyo hiyo ya manjano. Chanjo ilikuwepo, ila haikutosha kufika kwetu. Hii wanasema itatengenezwa upesi, itoshe watu wote. Ikifaulu, mimi ndiyo basi tena. Isipofaulu, labda watatuita tena kwenye mayai, ila watazikwa watoto wa watu. Sasa mwanangu, wewe uliyesoma, hebu niambie, niombe lipi?"