Bi Tangazo na Mkutano wa Alhamisi

Mwanamke tuliyemwita Bi Tangazo ni msusi, na saluni yake imepakana na karakana yangu. Mimi ni fundi wa makochi. Navua vitambaa vilivyochakaa, nabadilisha sponji, nashona upya. Kazi yangu inataka utulivu. Ya kwake inataka vidole tu, lakini yeye huifanya kwa mdomo. Mteja akikaa pale asubuhi kusukwa, hadi anainuka anajua nani mtaani ameachika, nani anadanganya kwamba amepata kazi, na mtoto wa nani ana upele. Hayo yote nami nayajua, na kichwa changu kina upara.

Sikumpenda. Naliweka hilo mezani mapema ili nisije nikaonekana mnafiki mbele ya safari.

Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto wengi, na mwenyewe husema kwamba kwao asiyepaza sauti hakupata mboga. Alipokuwa msichana, duka moja la vyombo lilimwajiri asimame mlangoni na kipaza sauti, awaite wapita njia waje kununua sufuria. Duka lilifilisika. Waliokuwapo wanasema watu walikuwa wakivuka barabara wakimwona. Kipaza sauti alikirudisha kwa mwenyewe, sauti akaondoka nayo. Akaolewa na fundi umeme, bwana mpole ambaye tangu nimfahamu sijamsikia akimaliza sentensi. Wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, mwembamba, mkimya, mwenye macho ya kutazama chini. Ni rika la mjukuu wangu ninayemlea, na mwaka ule wote wawili waliingia mwaka wa kwanza katika shule ya kati.

Wiki ya kwanza tu, mkuu wa shule alituita wazazi wa wanafunzi wapya. Ni bwana wa tai, anayetamka neno "ushirikishwaji" kama mtu anayemung'unya peremende.

"Watoto hawa wametoka shule ya msingi," alisema, "walikokuwa na mwalimu mmoja anayemjua kila mtoto na nyumbani kwao. Hapa walimu ni wengi, na kila mmoja ana mambo yake. Wiki hizi za mwanzo ndizo za hatari. Mzazi akilala sasa, akija kuamka mtoto ameshapotea."

Maneno mazuri. Nilitikisa kichwa kama wenzangu. Kisha akatueleza atakavyotuamsha: tumchague mtu mmoja, yeye mkuu atakuwa akimwambia huyo, na huyo atuambie sisi. Basi. Ushirikishwaji wote umekwisha hapo, yeye arudi kwenye kiti chake.

Akauliza nani anajitolea. Ukumbi mzima ukaanza kukagua viatu. Mtu akakumbuka kukohoa. Bi Tangazo alikuwa amesimama kabla swali halijafika mwisho, mkoba kwapani, akishukuru kwa kuchaguliwa mwenyekiti wa wazazi.

Tangu siku hiyo simu zetu hazikupumua. Alifungua kundi la wazazi, akatuingiza sote, kisha akaanza kutuhubiria. "Wapendwa wazazi, habari za asubuhi. Nakumbusha kuhusu soksi." Baadaye kidogo: "Wapendwa wazazi, kuhusu soksi, ninaona mmesoma na hamjajibu. Mzazi anayejali hujibu." Jioni ilifuata picha ya chupa ya maji iliyookotwa uwanjani, na swali ni ya nani, na hotuba ndefu ya sauti kuhusu malezi ya watoto wanaosahau chupa. Ukiisikiliza hotuba ile unasikia na maji ya kuoshea nywele yakimwagika nyuma.

Mzazi mmoja, muuza vioo, alijaribu kuuliza jambo la maana. Aliandika: "Samahani dada, kuna ambaye mwanawe amesahihishiwa hesabu? Daftari la kwangu halijaguswa na mwalimu tangu shule ifunguliwe."

Bi Tangazo akamjibu papo hapo: "Kaka yangu, naomba tusitoke nje ya mada. Mada ni soksi."

Na kundi zima likarudi kwenye soksi, kama kuku wanaorushiwa punje.

Wiki ya tano mkuu wa shule alimwita ofisini akamwambia kwamba Jumanne ijayo, baada ya chakula cha mchana, wazazi wote waje waone madarasa na kuzungumza na walimu. Bi Tangazo aliipokea taarifa hiyo akaondoka nayo, na njiani akaiona haimfai. Jumanne alikuwa na bibi harusi wa kumsuka. Nilimsikia kupitia ukutani akimweleza mteja.

"Jumanne gani bwana! Jumanne watu wana kazi zao. Mimi nimeipeleka Alhamisi."

"Na mkuu amekubali?" mteja akauliza.

"Nitamwambia."

Akamwambia mteja, mama wa mteja, na muuza mayai, naye mzazi mwenzetu, aliyepita mlangoni. Akaliambia kundi, kwa maandishi na kwa sauti. Mkuu wa shule hakumwambia, kwa sababu mambo mengine yalimjia mdomoni kwanza.

Jumanne jioni mjukuu wangu aliingia karakana, akatupa begi juu ya sponji. "Babu, mbona hamkuja? Walimu wamevaa suti leo. Wamepanga viti ukumbini, wamebandika michoro ukutani, wamekaa weee, mpaka wakaanza kusinzia."

Niliweka mkasi chini nikaenda saluni. "Mwenyekiti," nilisema, "mkutano ulikuwa leo."

Hakunitazama hata usoni. "Mzee wangu, watoto huchanganya siku. Ni Alhamisi."

Sikuwa peke yangu niliyeuliza. Wazazi kadhaa waliandika kundini kwamba watoto wao wanasema walimu walingoja. Akawajibu kwa mpigo: "Wapendwa wazazi, msisikilize watoto. Taarifa rasmi zinatoka hapa tu." Ningeweza kumpigia mkuu mwenyewe nikauliza siku ni ipi. Sikumpigia. Nilitaka Alhamisi ifike nimwone akiumbuka, na nilivaa shati jeupe kwa ajili hiyo.

Alhamisi tulijaa getini kama wageni wa sherehe. Mlinzi alituangalia, akaangalia nyuma yetu kama tumefukuzwa na kitu, akafungua. Bi Tangazo alitangulia, gauni limepigwa pasi hadi linakata.

Mkuu alitoka ofisini miguu iko ndani ya kandambili, ganda la karanga limeganda kwenye tai.

"Nyinyi ni nani?" aliuliza. Alipomwona mwenyekiti wetu, uso ukambadilika. "Mama, mkutano ulikuwa juzi! Tumewangoja mpaka jua linazama. Nimeshaandika taarifa kwamba wazazi wa shule hii hawana mwamko kabisa."

"Niliusogeza, mkuu," Bi Tangazo alisema.

"Ulimwambia nani?"

"Wote."

"Na mimi?"

Bi Tangazo akainama, akaanza kukagua viatu vyake. Hapo nilipaswa kurudi nyumbani nimeshiba. Lakini wazazi wengine, kwa kuwa hakuna aliyewazuia, walikuwa wameshaanza kutembea kwenye varanda ya madarasa wakichungulia madirishani, nami nikafuata.

Shule tuliyoiona haikuwa imejiandaa kuonekana. Darasa la wanetu lilikuwa katika kipindi cha hesabu, na mwalimu hakuwemo. Wengine wamekaa juu ya meza wakisukana, mmoja amevaa ndoo ya taka kichwani, na ubaoni kuna swali moja tu, chaki yake imeshaanza kufifia.

Muuza vioo aliingiza kichwa dirishani. "Mwalimu wenu yuko wapi?"

"Huwa anakuja kidogo," mtoto wa mbele akajibu, bila wasiwasi, kama anayeeleza ratiba. "Anaandika swali. Anayekosa anatolewa nje. Halafu anaondoka."

"Wanaotolewa wanakwenda wapi?"

Mjukuu wangu ndiye aliyeonyesha kwa kidole. Alikuwa anajua muda wote. Sikuwa nimewahi kumwuliza.

Nyuma ya tangi la maji walikuwa wamekaa watoto watatu. Mmoja ni binti wa Bi Tangazo, amekalia beseni lililopinduliwa, anachora vumbini kwa kijiti. Mama yake alifika mbele yetu wote akasimama.

"Unafanya nini huku?"

"Ni kipindi cha hesabu," binti akasema.

"Ndiyo nakuuliza, unafanya nini huku?"

"Nilikosa swali wiki ya pili. Mwalimu akasema nisirudi mpaka nije na mzazi."

"Wiki ya pili!" Sauti ilipanda, ile ya mlango wa duka la sufuria. "Na hukuniambia? Mimi? Mwenyekiti wa wazazi?"

Binti alitazama kijiti chake. "Ningekuambia wewe, mama, si ningekuwa nimewaambia wote."

Muuza mayai aliangua kicheko. Wengine wakafuata, nami nilicheka pia, na kicheko kilikuwa kitamu. Kisha tukanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu mkono wa Bi Tangazo uliingia mkobani ukatoka na simu, tukajua sasa tutasikia. Aliitazama. Akairudisha. Akaketi chini, vumbini, na gauni lake lile la pasi, karibu na beseni.

"Swali lenyewe lilikuwa lipi?" aliuliza.

Binti akaliandika kwa kijiti. Mama aliinama akalisoma, akalisoma tena, midomo ikicheza. "Sijui," akasema. Miaka yote ya kupakana naye, neno hilo sikuwa nimelisikia likipita ukutani.

Nilidhani atalia. Hakulia. Aliinuka, akakung'uta gauni, akamshika binti mkono na kwenda naye hadi chumba cha walimu. Sisi nyuma. Mwalimu wa hesabu alikuwa amelala juu ya viti viwili, tai imemfunika macho. Viti vyenyewe sponji imekwisha, unalalia mbao. Hata uvivu wake ulikuwa wa taabu.

"Nimekuja na mzazi," binti alisema, kwa sauti ndogo.

Mwalimu aliruka akasimama. "Mnanivizia? Hii siyo siku rasmi!"

"Siku rasmi ungekuwa macho," muuza vioo alimwambia. "Ungetuonyesha michoro, tungekunywa soda, tungekwenda zetu tukikusifu."

Mkuu alifika akihema, akijaribu kuvaa viatu huku anatembea. Alianza na neno lake, ushirikishwaji, lakini hakuna aliyempa nafasi ya kulimeza. Bi Tangazo alimkabili, na kwa mara ya kwanza hakupayuka.

"Uliponipa kazi ya kuwaambia wazazi," alisema, "nani ulimpa kazi ya kuniambia mimi kwamba mwanangu anakaa nyuma ya tangi?"

Mkuu akamtazama mwalimu wa hesabu. Mwalimu akatazama viti.

Tulimkalia palepale hadi alipokubali. Mzazi aje siku yoyote, bila kuandaliwa ukumbi. Kila mwalimu azungumze mwenyewe na familia za wanafunzi wake, na mtoto asitolewe darasani bila nyumbani kwao kujulishwa siku hiyohiyo. Alikubali kwa unyonge wa mtu anayeogopa kelele kuliko makosa. Mwalimu wa hesabu hakufukuzwa. Watu wa namna ile hawafukuzwi, husogezwa kona nyingine kama kochi bovu: alipewa kusimamia stoo, na hesabu akaichukua mwalimu wa sayansi, dada mkali ambaye huwapigia simu wazazi hata kwa mambo mema, jambo ambalo mwanzoni lilitutia hofu.

Jumamosi simu zilitetemeka. "Wapendwa wazazi, kama mlivyojionea, ile ziara ya kushtukiza niliyoipanga kwa siri imefanikiwa kwa kishindo. Nawapongeza kwa utii wenu."

Niliusoma ujumbe ule nikatema uzi niliokuwa nimeuma. Kwa siri! Mwanamke asiyeweza kutunza siri ya upele wa mtoto wa jirani! Nilingoja mtu aandike ukweli. Wakaanza kumiminika: hongera mwenyekiti, hongera sana, kweli tuliwashika. Kila mmoja alikuwa ameshapenda kuwa miongoni mwa waliowashika. Ile Jumanne waliyokosa kuja ilikuwa imefutika vichwani mwao.

Ila niliona kitu. Katika jumbe zile zote, na katika soga za saluni wiki iliyofuata, habari ya binti yake na tangi haikutoka mdomoni mwake. Mteja mmoja alimchokoza makusudi: "Eti mwanao alikuwa nje?" Nikasikia mkwaruzo wa kitana, halafu: "Inamisha kichwa, mama."

Binti alianza kuja karakana yangu mchana kufanya hesabu na mjukuu wangu, kwa kuwa saluni ni kelele tupu. Si mwepesi, lakini hakati tamaa. Mama yake huchungulia mlangoni, anamwuliza leo wamefundishwa nini, anangoja ajibiwe, anaondoka. Mara ya kwanza nilidhani anatafuta mtu wa kumsengenya.

Mwisho wa muhula ulifanyika uchaguzi. Mkuu akauliza nani anataka uenyekiti, na ukumbi mzima ukaanza tena kukagua viatu: muuza mayai aliyecheka, waliompongeza, muuza vioo mwenyewe na maswali yake mazuri. Bi Tangazo akasimama, mkoba kwapani, akishukuru kwa kuchaguliwa tena. Bado simpendi. Nilinyoosha mkono kumpigia kura, kisha nikaangalia nyuso za wenzangu waliokuwa wakinong'ona kumteta huku mikono yao iko juu kama wangu, nikaona aibu kukaa nao benchi moja.