Kitufe cha Ins na Marehemu wa Baba

Kitufe cha Ins nimekibandua kwa kisu cha samaki. Mwenye duka aliponiuliza kwa nini namharibia kompyuta yake, nilimjibu vibaya, kisha nikamwomba radhi. Lakini hebu niambieni, jamani, kitufe kile kina kazi gani? Vingine vinavyokera navivumilia. Ile Ç ya Kireno iliyokaa pembeni ya L hunichafulia maneno ya Kiswahili, naifuta, basi. Kile cha herufi kubwa kikiguswa unaona hapo hapo. Ins chenyewe kimya, kimejibanza karibu na cha kufutia. Kidole kikiteleza, kila herufi unayoandika inameza iliyo mbele yake. Wala hakikuambii.

Kazi yangu hapa Palma ni kuwaandikia kurikulu, yaani wasifu wao, watu wanaotafuta kazi za upishi na ulinzi kwenye mradi wa gesi wa Afungi. Naandika upesi, macho kwenye vidole, kioo nakitazama mwishoni, tena kwa kupitia tu. Hakuna aliyenifundisha.

Baba alikuja kuishi nami nyumba yetu ya Mucojo ilipochomwa vitani. Kilichomliza si nyumba. Ndani mlikuwa na daftari lake la marehemu wa ukoo, aliloliandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, tangu babu wa babu yake hadi watoto waliokufa wachanga. Kwetu, siku ya hitima, maalimu huyasoma majina hayo moja moja na watu wakaitikia, kila marehemu apate dua yake. Baba alikuwa akisema asiyetajwa hukaa mlangoni akingoja.

"Safari hii tuweke kwenye kompyuta," akaniambia. "Kompyuta haina makuti."

Siku nne, baada ya sala ya alasiri, alikaa dukani karibu yangu akinitajia kutoka kichwani, nami naandika, majina yakifuatana kwa koma. Wengine alikuwa amebaki yeye tu duniani anayewajua. Na tulicheka! Kulikuwa na bibi mmoja aliyeolewa mara tano, baba akasema huyo aombewe mara mbili, maana alichoka.

Siku ya tano akaja mbio, mbio za mzee mwenye fimbo. Alikuwa amemsahau yule mama aliyemnyonyesha utotoni, mama yake mzazi alipougua, pamoja na watoto wa mama huyo.

"Waweke juu, mwanangu, baada ya mama yangu. Astaghfirullah, aibu gani hii!"

Nikarudi juu, nikakosea herufi, nikafuta, nikaendelea. Mtu alikuwa ananingoja na kurikulu yake, amenuna. Nikahifadhi. Baba, asiyejua hata herufi moja ya Kireno, akainamia kioo, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mashallah," akasema. "Wote wamo."

Mwezi uliofuata alifariki kwa kifua.

Asubuhi ya hitima yake nilichapa ile karatasi nikampelekea maalimu bila kuisoma. Machozi yalikuwa hayaniruhusu. Wanawake tulikaa nyuma ya pazia. Shangazi, dada yake baba, aliyetoka Awasse na mguu wake mbovu, alikuwa kaniegemea. Maalimu akamtaja mama yake baba, akamtaja yule mama mnyonyeshaji na wanawe wote, kisha akasita.

"Hapa pana herufi tatu tu," akasema. "Huyu ni nani?"

Nilijua pale pale. Wale watoto walikuwa wengi, kila mmoja na jina la baba na la babu, na kila herufi yao ilikuwa imekula herufi ya mtu mwingine. Herufi tatu zile ni mkia wa jina la mwisho kuliwa.

"Mbona hakumtaja mwanangu?" shangazi akaninong'oneza. "Kaka aliniambia amemweka karibu na bibi yake."

Mwanawe alifia njiani walipokuwa wanakimbia vita. Hata kaburi lake hatulijui.

"Nimemfuta, shangazi. Ni mimi."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alipaza sauti mwenyewe kuelekea kwenye pazia, akalitaja jina la mwanawe na la baba yake. Maalimu akalirudia, watu wakaitikia.

"Na wengine waliokuwa hapo kati?" maalimu akauliza.

Mimi niliyewaandika kwa vidole vyangu sikumkumbuka hata mmoja. Shangazi alifikiri, midomo ikimcheza, kisha akatikisa kichwa.

"Anayewajua," akasema, "ndiye huyu tunayemsomea."

Basi maalimu akamwombea mwenye zile herufi tatu, akizitaja moja baada ya nyingine, nasi tukaitikia amina.