Siku Niliyompita Mke Mwenzangu kwa Baiskeli

Mimi naendesha baiskeli. Naanza na hilo ili asiyependa aache kusoma mapema. Nina wajukuu saba, magoti yananiuma nikisujudu, na baiskeli naendesha. Nilijifunza nikiwa msichana, kwa baiskeli ya kaka yangu, nikipitisha mguu chini ya chuma cha katikati kwa sababu kitini sikufika. Maneno ya kwamba mwanamke haendeshi nimeyasikia, na wengi waliokuwa wakiyasema nimehudhuria matanga yao.

Baiskeli yenyewe ni ya marehemu mume wangu. Alikuwa na wake wawili. Mimi ndiye mkubwa, nyumba yangu iko juu, upande wa Kwale. Mdogo yuko ng'ambo ya hifadhi, chini kabisa ya mteremko, mlango wake hatua chache kutoka barabarani. Katikati yetu ni vilima na msitu, na mavi ya ndovu juu ya lami. Mume alivipanda na kuvishuka vilima hivyo tangu ndevu zake ni nyeusi, siku mbili kwangu, siku mbili kwake, akibeba mihogo na machungwa kwenye keria.

Sisi wanawake wawili hatukugombana. Hatukuzungumza hata kufikia kugombana. Nilijua mwenzangu anatia tui zito kwa sababu mume akirudi kwangu alikuwa akiuonja mchuzi na kunyamaza.

Alipofariki, kila mmoja alikaa eda nyumbani kwake, miezi minne na siku kumi. Watu walikuja, wakapungua, wakaisha. Wanangu wako Ukunda na Mombasa. Hupiga simu, huniuliza kama nimekula, na nikisema nimekula wanakuwa wamemaliza. Nilitoka edani nikakuta sina wa kumwambia neno. Nilikuwa nazima redio nisikie kama kuna mtu anapita njiani. Ndipo nikafikiri: yuko mtu mmoja tu duniani anayejua jinsi mzee yule alivyokuwa akikohoa kabla ya kuomba maji. Nikatia magurudumu upepo, nikaenda.

Aliponiona alisimama na ufagio mkononi.

"Dada, hiyo si baiskeli yake?"

"Ndiyo yake."

"Amekupa au umeiba?"

"Nenda kamuulize."

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka, kisha akatandika mkeka. Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kila Alhamisi ya pili. Tulimsema marehemu mpaka tukamaliza, tukaanza kusemana sisi wenyewe, na hapo ndipo nikajua nina mwenzangu.

Sasa niseme kosa langu. Kwetu hupiti mlango wa mtu unayemjua bila kusimama. Ukiwa na haraka, ukiwa na mgonjwa, unapunguza mwendo, unatoa salamu hapo barabarani, unaitikiwa, unaenda. Kupita macho mbele ni kumwambia mwenye nyumba kwamba humjui.

Alhamisi hiyo kulikuwa na manyunyu. Askari wa wanyama alinisimamisha kwenye kizuizi cha hifadhi. "Ngoja bibi, wakubwa wanavuka." Nikangoja ndovu wavuke, nikaendelea. Nilipanda, nikashuka, nikapanda. Mteremko wa mwisho nilipobana breki, nilibana hewa. Raba zilikuwa zimekwisha. Marehemu alikuwa akizibadilisha mwenyewe, akikata vipande vya tairi kuukuu, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba raba huisha. Nilidhani breki ni kitu kilichopo tu, kama mkono.

Baiskeli ikakimbia. Nikapiga kengele watu wanipishe. Mwenzangu aliijua kengele ile, akatoka nje. Hakuwa peke yake. Alikuwa amewaalika wanawake wenzake kutoka Mkongani, wamekaa mkekani na sahani zimefunikwa, waje wamwone mke mkubwa anayekuja kwa baiskeli. Nilimwona kwa pembe ya jicho, amejifunga leso mpya, ameinua mkono. Mimi nimeshika mikono ya baiskeli kama mtu anayezama. Ningeinua kidole ningekuwa chini. Lakini mdomo? Mdomo haukushikwa na kitu. Ningeweza kupiga kelele, "Breki!" Nao ulikuwa umeshughulika na shahada.

Nikampita.

Baiskeli ilisimama mbali, baada ya daraja, njia ilipoanza kupanda tena. Nilikaa chini. Buibui limechanika, kiatu kimoja sikukijua kilipo. Kurudi kwake kulikuwa mwendo wa robo saa, nikisukuma. Ningerudi, nikaeleza, tukala. Lakini nikawafikiria wale wanawake mkekani, jinsi watakavyoniangalia miguu, na ukubwa wangu ukanipanda kichwani. Nikasimamisha pikapu ya machungwa inayorudi Kwale.

Barabara ni hiyo hiyo moja. Pikapu ikapita tena mlangoni kwake. Mimi nimeinama ndani kama mwizi, na baiskeli imesimama wima nyuma juu ya magunia, kila mtu aione.

Nilimpigia simu jioni ile. Ikaita mpaka ikachoka. Siku ya tatu mwenye bodaboda wa upande ule aliniletea salamu.

"Bibi, mwenzako anasema, mara ya kwanza alidhani hukumwona."

"Na mara ya pili?"

"Ya pili hakusema kitu."

Miezi miwili ikapita. Alhamisi zilikuja na kuondoka. Nilipika sufuria ndogo, nikala nusu, nusu nikawapa kuku. Binti yangu alisema, "Mama, afadhali. Ungevunjika kiuno huko msituni." Kiuno changu kilikuwa kizima kabisa na hakina pa kwenda.

Mwisho nikaipeleka baiskeli kwa fundi. Akaniuliza, "Bibi, unataka kuiuza?" Nikamwambia atie raba mpya na afunge mdomo.

Njiani kwenda kwake, kilima cha pili, nilipitwa na watu wa baiskeli kutoka hoteli za Diani. Huja siku hizi, nguo zimewabana, baiskeli zao nyembamba kama mifupa ya samaki. Mwanamke mmoja, kwa lafudhi ni wa Nairobi, alipunguza akaenda sambamba nami.

"Shosho, wewe uko fiti! Hiyo baiski iko na gia ngapi?"

"Moja. Ikikataa nashuka. Na kwetu husema shikamoo."

"Shikamoo! Pole shosho. Na unaenda wapi?"

"Marahaba. Kuomba msamaha."

Alicheka sana, akadhani namtania, akawafuata wenzake. Dakika moja walikuwa rangi rangi mbele yangu, dakika ya pili hakuna mtu. Nilishuka nikasukuma. Kutoka juu pale bahari inaonekana yote, Diani mpaka karibu na Chale, na mtu akisimama hapo peke yake anajiona mdogo bila faida. Sikusimama.

Mteremko niliushuka polepole, breki zikilia. Nikaegemeza baiskeli ukutani.

"Hodi."

Ndani nilisikia mbuzi ya nazi ikikuna. Ikaacha.

"Hodi."

Kimya. Dini yetu inajulikana: hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, geuza, nenda zako, wala usinung'unike. Mimi nilikuwa nimebakiwa na moja. Nikaiweka akiba. Nikakaa kizingitini na kuuambia mlango.

"Breki zilikatika. Nilikuwa naomba Mungu, sikuwa nakudharau. Hiyo ni mara ya kwanza. Mara ya pili nilikuwa nakuonea haya, nikajificha. Hiyo haina breki wala nini. Ni ujinga wangu."

Kuku akanipita.

"Wale wanawake waliniuliza kama ndiye wewe," sauti ikasema ndani. "Nikawaambia siye. Nikawaambia ni mwendawazimu fulani wa Kwale."

"Hukusema uongo."

"Nilikaanga samaki wanne."

"Najua."

"Hujui. Hukufunua sahani."

Hilo lilikuwa kweli. Kukuna hakukuanza tena.

"Sasa utakaa hapo kizingitini mpaka lini?" akauliza. "Hodi zako hujamaliza."

Nikasema ya tatu, sauti ikatoka mbaya, kama ya mtu mwingine. Akaja akafungua. Hakunipa mkono. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni, akasogea kando ya mlango, akarudi kukaa. Nikaingia. Hakutandika mkeka, niliutandika mwenyewe. Alikuna nazi mpaka ikaisha, ndipo akaniuliza, bila kuinua uso, habari za nyumbani.

Nilikuwa na habari za miezi miwili ambazo hakuna aliyeziuliza. Nikaanza na kuku wangu mweusi aliyekataa kuatamia.