Kibali cha Tiyamike

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka akilini. Tulikuwa jikoni kwa nyanya yangu, Cucu Nyawira, kule Kiriaini, tunaponda mukimo, kile chakula chetu cha viazi, mahindi na mboga, na nje ilikuwa inanyesha ile mvua ya nchi ya majani chai isiyokuwa na haraka na mtu. Tulikuwa Cucu, mimi na rafiki yangu Tiyamike. Mimi na Tiyamike tulikuwa tumemaliza uuguzi katika hospitali moja ya misheni upande wa Nyeri. Mtihani wa taifa tulikuwa tumeupita na sare mpya tumekwisha kushona. Mimi kazi nilikuwa nimepata. Tiyamike alikuwa bado, ingawa darasani alinishinda mbali na wala sioni haya kusema. Alikuwa Mmalawi, na Mmalawi hawezi kuajiriwa Kenya bila kibali cha kazi.

Ngoja nikueleze alikuwa mtu wa namna gani. Alikuja Nyeri kwa ufadhili wa kanisa lao, hajui neno hata moja la Kikuyu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Sisi wengine tulipokuwa tunacheka jinsi baridi inavyomtetemesha, yeye alikaa kando ya vitanda vya akina mama wazee wodini akijifunza lugha kwa wagonjwa. Kufikia mwaka wa mwisho alikuwa anasema Kikuyu cha Murang'a hata wauza viazi sokoni wakamwuliza yeye ni wa nyumba gani.

Lakini heshima yangu kwake aliipata katika chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Unajua baridi yetu ya Julai. Kwa mtoto kama huyo ni adui. Tiyamike alikuwa akikaa na kiumbe kidogo mno, akimdondoshea maziwa tone kwa tone, bila kuinua kichwa hata mlango ukigongwa. Alituambia kwamba hospitali ya kwao haikuwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Mtoto akija mapema hufunikwa blanketi na watu wakaomba. Kwa hiyo alitaka kubaki Nyeri afanye kazi mpaka mikono yake izoee, halafu aipeleke elimu hiyo nyumbani. Na pasi yake ya mwanafunzi, ile ruhusa ya kuishi nchini kwa masomo, ilikuwa karibu kuisha. Ikiisha kabla ya kibali kuombwa, ni kufunga sanduku na kwenda.

Basi tukiwa hapo jikoni akaingia Mjomba Gakuru, kaka wa mama yangu, akikung'uta maji kofiani. Mjomba alikuwa mtu wa roho nzuri sana. Hapakuwa na harusi wala mazishi Kiriaini ambayo yeye hakuwamo katika kamati. Alikuwa ameifikiria shida ya Tiyamike na alikuja na dawa.

"Niko na mtu kwa ofisi ya chifu," alisema kabla hata ya kuketi. "Huyu msichana anaongea kama sisi, anafanana na sisi. Tunaenda tunasema ni mtoto ya dada yangu, ati alizaliwa hapa akakosa kuandikishwa. Anapewa jina ya hapa, anapewa kitambulisho, na hiyo maneno yote ya kibali inaisha. Nani atajua?"

Mimi na mdomo wangu nilishangilia. Niliona ni upendo mtupu, na hata jina nilikuwa nimekwisha kumchagulia. Tiyamike hakusema kitu. Alikuwa anaangalia moto, nami niliyemfahamu niliona kwamba kunyamaza kule kulikuwa karibu sana na kukubali. Usimlaumu, mwanangu. Mtu aliye karibu kufukuzwa akionyeshwa mlango wa nyuma, haulizi unatokea wapi.

Cucu aliendelea kuponda. Alikuwa mwanamke mfupi asiyepandisha sauti hata kwa ng'ombe. Alipomaliza aliuweka mwiko kando, na hakumgeukia mwanawe, alimgeukia mgeni.

"Mama," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita kila msichana aliyempenda, "mama yako akipanda gari huko kwenu akuje kukutafuta hapa, atauliza nani?"

"Atauliza Tiyamike," alijibu polepole.

"Na sisi tumwambie hatumjui?"

Ndipo Cucu akamtazama Mjomba.

"Gakuru, wewe unajua hapa kwetu mtoto hapewi jina ya kuokota. Anapewa ya nyanya yake, ndio nyanya arudi kuishi ndani ya huyo mtoto. Huyu pia jina yake alipewa na nyanya yake. Sasa unataka kufuta huyo mama mzee, uandike mwingine juu yake, na unaita hiyo kusaidia mtu? Hapana. Serikali iulizwe kama inamtaka Tiyamike. Ikikataa, wacha ikatae Tiyamike."

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Cucu hakuwahi kuisikia methali hiyo, maana Kiswahili kilimpita mbali na maneno haya nakupa jinsi ninavyoyafasiri kutoka Kikuyu, lakini aliisema yote. Mjomba alijikuna kichwa, akaomba chai. Tiyamike alilia kidogo, kisha akala mukimo kuliko nilivyowahi kumwona akila. Nadhani alikuwa ametuliwa mzigo ambao sisi tulidhani tunamsaidia kuubeba.

Jumatatu nilimsindikiza kwa Matron. Matron wetu, mkuu wa wauguzi, alikuwa Mama Nekesa, Mbukusu wa Bungoma, mwenye mwili mkubwa na kicheko kilichosikika mpaka maabara. Yeye pia alikuja Nyeri mgeni, akanyooshewa vidole sokoni, akavumilia mpaka mji ukamzoea. Alimsikiliza Tiyamike mpaka mwisho, kisha akagonga meza.

"Sasa umekaa na huu mzigo peke yako kwa nini? Kibali ya kazi haiombwi na msichana akiwa kwa kitanda yake analia! Inaombwa na mwenye kukuajiri. Ni sisi tuseme tunakutaka, na tuseme kwa nini ni wewe na si mtoto wa hapa. Na tuseme kabla pasi yako haijaisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe uko nayo. Wacha tukuombee shamba."

Hospitali ikaomba, Tiyamike akaenda Nairobi kuchukuliwa alama za vidole, na sote tukaanza kungoja. Kungoja huko ndiko kulikonionyesha kimo chake. Hakuruhusiwa kufanya kazi mpaka jibu litoke, na wodi ilikuwa inatuelemea. Wenzetu walimnong'oneza aje tu, avae sare, nani atamwuliza? Alikuwa anakuja mpaka dirishani, anawatazama wale watoto, haingii. "Nikiingia leo bila ruhusa," aliniambia, "ile wananiombea itakuwa ya kazi gani?" Hata alifika hatua ya kumwuliza Matron kama kumsaidia Cucu kuchuma majani chai kule Kiriaini nako ni kufanya kazi bila kibali. Matron alicheka mpaka akashika ukuta. Cucu naye aliposikia alitikisa kichwa, akasema hajawahi kuona mtu mwaminifu hivyo ambaye pia hajawa mzee.

Jibu likatoka, likawa hapana. Ofisi ilisema hospitali haikueleza kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwenyeji. Nililia mimi, mwenyewe hakulia. Alikaa na Matron ofisini, akafikiri, kisha akasema jambo lililonishtua. Alitaka ombi la pili lieleze kwamba atawafundisha wauguzi wa hapa kazi ya watoto njiti, na wakishaiweza, yeye ataondoka.

"Tiyamike, unajifukuza mwenyewe?" nilimwuliza tulipotoka.

"Wangari, si nilikuja kujifunza ndio nirudi? Basi tuwaambie hivyo. Ni ukweli, na ukweli sitausahau nikiulizwa tena."

Ukweli huo ndio uliofungua mlango. Kibali kilipofika, Matron alipita wodini akiimba wimbo wa kwao, na wagonjwa walioweza kupiga makofi wakapiga. Tiyamike alifanya kazi mpaka muda wake ukaisha, akafundisha bila choyo hata kidogo. Mmoja wa aliowafundisha ni mimi. Mkate wangu wa miaka yote mpaka kustaafu niliupata kwa kazi niliyofundishwa na mgeni, na wako watu wazima wanaotembea leo Nyeri, Karatina mpaka Timau, ambao walipitia mikononi mwake wakiwa hawana hata nguvu ya kulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hospitali ilimsihi akubali kibali kiongezwe. Alishukuru, akafunga sanduku kwa hiari yake, akaenda kwao kuanzisha chumba kama kile. Namheshimu mpaka kesho.

Sasa nisikilize wewe, mwanangu, uliyemaliza uuguzi ugenini na unahesabu siku za viza. Ninyi watoto wa siku hizi nawavulia kofia, maana mnasoma mchana, mnafanya zamu usiku, na bado mnapiga simu nyumbani mkicheka. Nchi nyingi sasa humpa aliyehitimu muda wa kukaa na kufanya kazi bila kudhaminiwa na mtu. Ukipewa, pokea, lakini ujue muda huo una mwisho na mara nyingi hauongezwi. Usiumalize wote kwa kibarua chochote kinachotokea kwa kuwa kinalipa Ijumaa hii. Jisajili kwanza kama muuguzi wa nchi hiyo, kisha utafute mwajiri mwenye ruhusa ya kudhamini wageni, naye akuombee kibali ungali na miguu miwili ndani. Akikudhamini, soma mkataba mpaka mstari wa chini, kwa sababu kibali hicho mara nyingi kimefungwa kwake. Ukimwacha kwa hasira bila kupata mwingine, utajikuta huna pa kusimama. Na moyo ukikuita nyumbani, rudi ukiwa umeinua kichwa. Kurudi na ujuzi si kushindwa, na yeyote atakayekucheka mlete kwangu.

Sheria hizi hubadilika, na kila nchi ina zake. Usiyaulize makundi ya simu ambako kila mtu ni wakili. Iulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, na uulize mapema.

Halafu utaonyeshwa mlango wa nyuma. Utaambiwa habari za ndoa ya karatasi, mwajiri asiyekuwepo, jina la mtu mwingine. Atakayekuletea si lazima awe tapeli. Anaweza kuwa Mjomba Gakuru na roho yake nzuri, na hapo ndipo penye ugumu. Mshukuru, mpe chai, kisha kataa. Njia ya mwongo ni fupi, na ukiishi kwa jina la kuazima utashtuka kila mlango ukigongwa, hata aliyebisha akiwa jirani wa kuomba chumvi.

Nimalizie na hili. Miaka ilipita, Cucu akawa mkongwe wa kubebwa juani na kurudishwa ndani. Tukapata salamu kutoka Malawi kwamba Tiyamike amejifungua msichana, na amemwita Nyawira. Nilikwenda Kiriaini mwenyewe kumwambia. Nilimwinamia sikioni, nikamweleza kwamba huko mbali, kwa watu ambao hajawahi kuwaona, kuna mtoto mchanga anayeitwa kwa jina lake, na kwamba jina hilo amepewa bila mtu kuombwa wala kudanganywa.

Alinishika mkono. Kisha akauliza, "Huko kwao wanapanda chai?"

"Wanapanda, Cucu. Nyingi sana."

"Basi nitakaa vizuri," alisema, akafumba macho yake kulifurahia jua.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yako popote itakaporuhusiwa, akupe waajiri wenye haki na majirani wenye huruma, na siku ukihitaji kurudi, uikute njia ikiwa wazi. Na uvae sweta.